Ukucha wa Tano

Kisanduku kilianguka juu ya zulia bila kelele, na hilo ndilo lililomtia Marcelline hofu zaidi. Sahani ikivunjika nyumba nzima husikia, mwenye nyumba huuliza kulikoni, nawe unaomba radhi na mambo yanakwisha hapohapo. Hiki kilianguka kimya kama mto. Bomba la mashine ya kuvuta vumbi lilikigusa kidogo tu, kikatoka ukingoni mwa meza kikalala chini, na kule barazani Auntie Moodley akaendelea kusikiliza redio yake.

Marcelline alizima mashine, akapiga magoti, akakiokota kwa mikono miwili na kukisogeza dirishani. Kwa miaka minne, kila Jumanne na Ijumaa, alikuwa amekipitishia kitambaa bila kukitazama, maana vitu vya aina ile katika nyumba za watu havitazamwi. Vinafutwa haraka na kuachwa. Sasa alikitazama. Kilikuwa cha duara, upana wa sahani ya wali, chekundu tupu, na hapakuwa na mahali palipoachwa bila nakshi. Mawingu yalijikunja pembeni kote. Juu ya kifuniko joka lilikuwa limejificha mawinguni, limetoa kichwa na mguu mmoja, mguu umenyooshwa kama linataka kudaka mpira. Mguu ule ulikuwa na kucha nne. Mahali pa ukucha wa tano palikuwa na kovu.

Alipapasa zulia. Akatazama chini ya meza, akafungua mfuko wa mashine na kuchakura vumbi kwa vidole mpaka akapiga chafya. Hakukuwa na kipande chochote chekundu.

"Marcelline, mbona kimya?" Auntie aliita kutoka barazani. Walizungumza Kiingereza, cha Auntie cha haraka, cha Marcelline cha kupimapima.

"Nabadilisha mfuko wa mashine, Auntie."

Auntie alikuwa na miwani mizito na mtoto wa jicho upande wa kushoto. Asingeona. Lakini Ijumaa mwanawe Logan angekuja na mwalimu wa chuo kikuu anayejua vitu vya kale. Nyumba hii ya Glenwood ilikuwa inauzwa, Auntie anapelekwa kwenye makao ya wazee, na Logan alikwisha kusema mbele ya Marcelline kwamba vyote vilivyomo humu ni takataka isipokuwa hicho kisanduku. Kilitoka kwa wafalme wa Uchina, alisema, na ndicho kitakachomtunza mama mpaka siku yake. Alipokuwa akisema hayo macho yake hayakuwa kwenye kisanduku, yalikuwa kwenye kitambaa cha vumbi mkononi mwa Marcelline.

Angeweza kwenda barazani na kusema. Aliwaza hivyo kwa muda wa kutosha kufika mlangoni. Kisha akawaza karatasi yao ya ukimbizi, na maneno ambayo kila mtu wa kwao hapa Durban huyarudia, kwamba kesi moja tu kwa polisi, hata ya uongo, yatosha kukuharibia kila kitu. Akarudi. Mumewe alikuwa fundi wa samani. Hapo ndipo akili yake iliposhika, na ilishika vibaya, maana kitu kilichovunjika ndani ya nyumba ni ajali, lakini kitu kilichotoka mlangoni ndani ya mkoba wa mfanyakazi kina jina jingine kabisa. Alikivingirisha katika kitenge, akakitia mkobani chini ya viatu vyake vya kazi, na mahali pake mezani akaweka chombo cha maua.

Mwisho wa mtaa kulikuwa na kibanda cha mlinzi, na sheria ya mtaa ilitaka mikoba ya wafanyakazi wa ndani ifunguliwe wakitoka. Mlinzi wa mchana alikuwa Apollinaire, mtu wa Uvira, aliyeimba kwaya moja na Marcelline. Hakuwahi kufungua mkoba wa Mkongomani mwenzake. Aliona haya.

"Mama Spès, sac iko mzito leo."

"Ni viatu, Papa. Na viazi Auntie amenipa."

"Bon. Usalimie Papa Spès."

Alitembea mpaka kona bila kugeuka.

Mumewe Urbain alinawa mikono mara mbili kabla ya kukigusa kisanduku. Walikuwa wanaishi Sydenham, vyumba viwili nyuma ya nyumba ya mtu, na meza yao moja ilikuwa ya kulia, ya kupigia pasi na ya masomo ya mtoto.

"Auntie anajua?" aliuliza.

Marcelline alivuta pazia la dirisha.

"Mama Spès. Umetoka na kitu ya watu mu nyumba yao."

"Najua."

"Wakikuja hapa saa hii, wataikuta juu ya meza. Mtoto akiangalia."

"Najua, Urbain. Ndiyo maana natetemeka. Itengeneze, Ijumaa asubuhi irudi mahali yake."

Hakuwa na kawaida ya kumwita mumewe kwa jina ila mambo yakiharibika. Urbain akavuta kiti. Miaka ishirini alikuwa amechonga, amepiga msasa, amepaka vanishi, na alipoona nakshi alijua ataona mbao. Alitia ncha ya kisu kwenye kovu, taratibu, akitafuta nyuzi za mti. Hakuzipata.

"Papa, hii haiko mbao," alisema binti yao Spès, wa miaka kumi na miwili, aliyekuwa amekwisha kupiga picha na kutafuta kwenye simu ya mama yake. "Wanasema ni utomvu ya mti, wanatia rangi. Wanapaka, wanangoja ikauke, wanapaka tena. Mara mia moja, saa ingine kupita. Ndiyo wanachonga."

Urbain hakuamini mpaka alipoleta kioo chake cha kukuzia. Pembeni mwa kovu aliona mistari myembamba, mmoja juu ya mwingine, kama kurasa za Biblia iliyofungwa. Alihesabu mpaka sitini na kitu, akapotea. Yeye ambaye mteja akitaka tabaka tatu za vanishi hunung'unika, sasa alimwaza mtu aliyepaka, akangoja, akapaka, na yule mwenzake aliyekuja baadaye kushika kisu.

"Na kisu ikiteleza?" Spès aliuliza. "Kwa mfalme?"

Urbain alimwonea huruma mtu yule kama jirani anayemfahamu.

"Joka ya mfalme iko na kucha tano," mtoto akaendelea kusoma. "Mfalme peke yake. Watu wengine..." Akagonga kioo cha simu kwa kidole. "Eish. Bando imeisha."

"Basi ni tano," Marcelline alisema. "Hapa iko ine. Moja nilivunja."

Urbain alirudi kwenye kovu. "Lakini hapa mu kati iko uchafu. Ona, nyeusi. Tena haikuvunjika. Ni kama mtu alikwangua na kisu."

"Ni zulia ilikwangua. Na uchafu ni ya vidole yangu. Papa Spès, usinitafutie maneno. Tuko na siku tatu."

Siku nyingine angebishana, maana uchafu aliujua, na ule haukuwa wa siku moja. Lakini mkewe alikuwa amekwisha kwenda mlangoni mara tatu kusikiliza uani, na mtoto alikuwa anawatazama. Alichukua spiriti na pamba, akasugua weusi wote mpaka kovu likawa safi kama limepatikana asubuhi ile. Hivyo, kwa mkono wake mwenyewe, akamfuta shahidi pekee aliyekuwa upande wa mke wake.

Jumatano Urbain alimpigia simu tajiri wake Vénérand akasema anaumwa tumbo. Rangi za dukani alizijaribu kwenye kipande cha mbao, zote zikawa na wekundu wa gari la zimamoto. Aliyewaokoa ni jirani yao Cathy, msusi wa saluni, aliyeleta chupa nne za vernis, rangi ya kucha, nyekundu nne zisizofanana, bila kuuliza ni za nini. Urbain alizichanganya kwenye kifuniko cha soda, akatia vumbi la rangi ya kahawia alilotumia kwa samani za zamani, na kwa brashi aliyoipunguza mpaka nywele chache akapaka tabaka la kwanza. Akapepea kwa daftari la Spès. Akapaka la pili.

Kila hatua uani ilikuwa polisi. Mchana mwenye nyumba aligonga, amekuja kusoma mita ya maji, na Marcelline akatupa blanketi juu ya meza na kukaa mbele yake, magoti yamebanana, akitabasamu. "Kuna harufu kali humu," mwenye nyumba alisema. Marcelline akamwonyesha vidole. Alikuwa amejipaka kucha tatu, upesi upesi, alipomsikia anakuja. Mwenye nyumba alimtazama kwa dharau kidogo, mwanamke wa kujirembesha saa za kazi, akaenda zake. Marcelline alishukuru ile dharau.

Alhamisi alasiri tabaka zilifika thelathini na moja, na Urbain akachukua wembe. Alinakili ukucha wa jirani, mkunjo wake, hata ule mstari mwembamba wa juu yake. Alipomaliza alimwita mkewe. Marcelline alitazama kwa muda mrefu, asijue upi ni wa mfalme na upi ni wa Sydenham.

"Hakuna mtu ataona," Urbain alisema, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne alicheka. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na alijua kwamba hatamwonyesha mtu yeyote.

Ijumaa Marcelline aliingia saa moja na nusu asubuhi, akaondoa chombo cha maua, akarudisha kisanduku. Auntie alikuwa bado amelala. Ilikuwa rahisi hivyo, na mpaka saa nne aliweza hata kula kipande cha mkate.

Saa nne Logan alifika na mwalimu. Alikuwa Mkenya, Daktari Jebet, mwanamke mfupi mwenye koti la mvua, na alipolisikia jina la Marcelline alimsalimu kwa Kiswahili. Ilikuwa mara ya pili yeye kuja. Mara ya kwanza, wiki tatu nyuma, alikuja siku ya Jumatano, siku ambayo Marcelline hakuwapo, akapiga picha. Hakuna aliyeona haja ya kumwambia mfanyakazi.

Daktari alivaa glavu. Alikitazama kisanduku kwa lenzi, akatoa simu, akaitazama simu, akarudi kwenye lenzi. Marcelline alikuwa anaingia na trei ya chai.

"Logan," Daktari alisema, "hiki sicho nilichopiga picha."

Logan alicheka kidogo. "Sicho vipi?"

"Kile kilikuwa na kucha nne. Hiki kina tano."

Marcelline aliielewa sentensi ile kabla ya mtu mwingine yeyote chumbani, na aliielewa kinyumenyume. Zilikuwa nne. Tangu mwanzo zilikuwa nne.

"Kucha tano zilikuwa za mfalme peke yake," Daktari alikuwa anaeleza. "Kitu kama hiki kikitolewa ikulu, kikienda kwa mtu mwingine, wakati mwingine walikwangua ukucha mmoja, ili asiye mfalme asikutwe na kitu cha mfalme. Kovu lile ndilo lililonifanya niamini kilitoka ikulu. Hiki kilichokamilika... nakala zinauzwa madukani."

Logan hakupiga kelele. Aligeuka tu, na Marcelline angependa zaidi apige kelele.

"Cha mama yangu kiko wapi?"

"Ni hicho, bosi. Nilikiangusha Jumanne. Niliona ukucha hakuna, nikajua nimevunja. Nikakipeleka nyumbani Sydenham, mume wangu akaweka mwingine. Kwa rangi ya kucha."

"Rangi ya kucha," Logan alirudia. "Sydenham." Akapiga simu kibandani, akauliza, akasikiliza, akakata. "Mlinzi anasema Jumanne ulitoka na mkoba mzito. Ulimwambia ni viazi. Mama, ulimpa viazi?"

Auntie alikuwa ameshika mkono wa kiti chake. "Logan, ngoja kwanza."

"Ulimpa viazi?"

"Hapana," Auntie alisema kwa sauti ndogo.

Sauti ya Logan ilipasuka. Alikuwa amekwisha kutia saini kwenye makao ya wazee, na alikuwa anaogopa yeye pia, lakini hofu yake ilikuwa na namba ya polisi ndani ya simu. Alianza kuibonyeza. Marcelline akakiacha Kiingereza.

"Dada, ni hii hii. Nakuapia kwa mtoto wangu. Sikuiba. Nilitaka tu isikose kitu."

Jebet alimtazama. "Mama, nakuskia. Lakini siwezi andika kitu juu ya huruma." Aliinama tena na lenzi, akakaa hapo muda mrefu. "Hapa panang'aa tofauti. Ambia mzee wako akuje saa hii, na ile dawa ya kutoa rangi ya kucha." Kisha akamgeukia Logan na kumweleza kwa Kiingereza kwamba utomvu wa kale ukishakauka hauyeyuki kwa dawa ile, bali nakala za siku hizi huyeyuka na kuchafuka zote. Kama mwanamke huyu anasema kweli, utatoka ukucha mmoja tu. Kama si kweli, watajua.

"Nawapa saa moja tu," Logan alisema.

Kwa saa hiyo Marcelline alisimama jikoni, mlango wazi kama alivyoagizwa, mikono mahali pa kuonekana. Hakuna aliyemwambia akae, kwa hiyo hakukaa.

Urbain alifika na ovaroli yake ya kazi na kichupa cha dissolvant cha Cathy, ile dawa ya kutoa rangi, ndani ya soksi. Logan alizungumza naye polepole na kwa sauti kubwa, kama na kiziwi. Jebet ndiye aliyemvutia kiti.

"Ni wewe ulitengeneza?"

"Ndiyo, dada."

"Ni kazi safi sana. Sasa itoe."

Alizungushia pamba kwenye kijiti cha meno. Vernis aliijua. Utomvu wa wafalme hakuujua, alikuwa na neno la mwanamke asiyemfahamu tu, na kama wekundu wa kale ungetoka kwenye pamba mkewe angelala jela. Alichovya. Akagusa ukucha wa tano.

Pamba ikawa nyekundu.

"Kinayeyuka," Logan alisema.

Urbain alibadilisha pamba. Nyekundu. Tena, nyekundu. Mkunjo ule aliouchonga ulilainika ukawa matone, na mstari wa juu yake ukapotea. Marcelline alikuwa ameziba mdomo kwa aproni.

"Sasa gusa huo mwingine, wa kando," Jebet alisema.

Alichovya pamba mpya, akagusa ukucha wa nne, akasugua, akainua kijiti mbele ya dirisha. Pamba ilikuwa nyeupe. Akagusa wingu. Nyeupe. Akapumua, akarudi kwenye ukucha wake mwenyewe na kuusugua mpaka hapakubaki kitu. Jebet akaweka simu kando ya kisanduku, akalinganisha mikwaruzo ya kovu mmoja baada ya mwingine.

"Ni chenyewe," alisema.

Logan aliketi. Alitia simu mfukoni, akajifuta uso kwa viganja vyote viwili, na swali lake la kwanza lilikuwa kama kusafishwa kwa kovu kutapunguza thamani. Kidogo, Jebet alijibu kwa ukali, na angeandika kwenye ripoti kwamba kovu limesafishwa, na kwa sababu gani.

"Marcelline," Auntie alisema. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, Auntie, ungeniamini?"

Auntie alivua miwani yake. Jicho lake bovu lilikuwa linatoa machozi, lakini lilikuwa likitoa kila siku. "Sijui," alisema.

Lilikuwa jibu la kweli, nalo lilimuuma kuliko simu ya Logan. Hakuwa amevunja kitu. Jeraha lile lilitiwa kabla babu zao hawajazaliwa, na mtu mwingine aliyeogopa kukutwa na kitu kisicho chake, na yeye alikuwa ameliogopa siku tatu kama dhambi yake. Aliona hasira, na aibu, na chini ya vyote viwili furaha kubwa isiyo na adabu kwamba jioni atampikia Spès.

"Jumanne njoo kama kawaida," Logan alisema alipokuwa anawafungulia mlango. Hakumtazama. "Mlinzi nimeshamwambia, kuhusu mikoba."

Waliteremka mtaa pamoja. Mfukoni mwa ovaroli Urbain alikuwa na vijiti vyenye pamba nyekundu. Hakutaka kuviacha kwenye pipa la watu wale.

"Ilikuwa nzuri, ama?" aliuliza.

"Ilikuwa nzuri kupita," mkewe alisema. "Ndiyo ilitaka kutuua."

Apollinaire alitoka kibandani kabla hawajafika. Alikuwa amevaa kofia, jambo asilolifanya kwa watu wa kwao, na macho yake yalikuwa kwenye lami.

"Pardon, Mama Spès. Waliniuliza, nikasema vile niliona. Sasa bosi anasema nifungue."

"Usifungue wewe," Marcelline alisema. Alishusha mkoba begani, akauweka juu ya meza yake ndogo, akatoa viatu, akatoa kitenge na kukikung'uta, akaushika mdomo wa mkoba kwa mikono miwili na kuupanua mpaka mwanga ukafika chini.

"Sawa," Apollinaire alisema haraka. "Haiko kitu. Pita, mama."

"Angalia vizuri."

"Nimeangalia."

"Basi chukua kitabu yako. Andika jina yangu, tarehe na saa. Andika kama haiko kitu."

Apollinaire alimtazama Urbain, lakini Urbain alitazama barabara. Akaingia kibandani, akatoka na daftari na kalamu, akaanza kuandika polepole kwa herufi kubwa. Marcelline alisimama juani na mkoba wake wazi mpaka alipomaliza, kisha akamwomba amsomee.